Tone la Mcha

Siku ya kwanza Bi Mwanapili alidhani ni mwombaji. Alimkuta baada ya sala ya alasiri, amekaa kwenye baraza ya nyumba yao mtaa wa Malindi, mjini Unguja, mikono imefumbatwa mapajani, miguu imejaa vumbi jeupe la shamba. Akampa kahawa na kipande cha muhogo wa kuchemsha, maana mwaka ule wa 1971 mchele haukupatikana ila kwa foleni, na foleni nayo ilikuwa na wenyewe. Mwanamke alishukuru kwa kichwa, asile. Jua lilipoelekea kuzama aliondoka, na kahawa ilikuwa vilevile imejaa kikombeni.

Siku ya pili akaja saa ile ile, akakaa pale pale. Siku ya tatu Bi Mwanapili hakuwa tena na moyo wa kumkaribisha.

"Mkadam," alimwambia mumewe, "yule mtu karudi. Mimi simtaki."

Mzee Mkadam alikuwa ukumbini akishona makubadhi. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na kazi kubwa akiifanya kwa vidole. Juu ya kichwa chake, kwenye kamba iliyovuka ukumbi kutoka ukuta hadi ukuta, zilining'inia nyayo za karatasi zisizo na hesabu. Kila mteja aliyewahi kumpima alimkatia karatasi ya umbo la mguu wake na kuandika jina lake kisiginoni. Wengine walikuwa wameshahama mtaa, wengine walikuwa wameshakufa, na wengine tangu mwaka wa sitini na nne hakuna aliyejua walipo. Mzee hakutupa hata unyayo mmoja. Upepo ukipita dirishani zilitembea zote pamoja, na Bi Mwanapili hakuwahi kulizoea jambo hilo kwa miaka thelathini ya ndoa.

"Muulize anamtaka nani," alisema Mzee Mkadam. "Mtu haji siku tatu kwa ajili ya muhogo."

Bi Mwanapili akatoka hadi mlangoni, mkono mmoja kaushika mlango. "Bibi, unamtafuta nani?"

"Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Hapa hapana mtoto. Tunaye wetu mmoja tu, naye mtu mzima, yuko kazini."

"Huyo huyo ndo nnayemngoja. Alikuja kwetu Chwaka akamtoboa Mcha kidole. Mcha tushamzika. Lakini mmebaki naye kidogo."

Akafumbua mkono. Kiganjani palikuwa na kitambaa cheupe cha bafta, kimekatwa vizuri, ukubwa wa jani la mpera. Bi Mwanapili ameosha maiti wengi katika mtaa ule, na hakuhitaji kuambiwa. Ilikuwa sanda.

Yule mwanamke alichungulia ukumbini, akaziangalia zile nyayo zilizokuwa zikitembea hewani. "Na hawa," aliuliza kwa upole, "wanangoja nini?"



*

Kidawa, binti yao, alipitia foleni akitoka kazini, akarudi na vibaba viwili vya mchele na uso uliokunjamana. Kwenye foleni wanawake walikuwa wamempisha, na si kwa heshima. Mmoja alisema, "Mwacheni apite huyo, asije akatutoboa," na waliobaki wakacheka huku wakificha mikono ndani ya kanga. Tangu aanze kazi kwenye Mradi wa Vijiji Kumi, akizunguka Unguja na sindano na visanduku vya vioo vya kupakia damu, watu walikuwa wameshaamua kwamba yeye ndiye mumiani wa mtaa. Msichana amesoma hadi akapata shahada Dar es Salaam, akarudi kuogopwa na wauza mbatata. Lilimuuma, ingawa alijifanya halimuumi.

Alimkuta mgeni barazani, mama yake kasimama mlangoni na baba yake nyuma. Mwanamke akasema anaitwa Mwanaasha, akafungua pindo la kanga na kutoa karatasi ndogo. Kidawa aliutambua mwandiko wake mwenyewe: namba 212. Kila aliyetolewa damu alipewa namba yake.

"Alikuwa na umri gani?"

"Minne."

"Alikufa lini, mama?"

"Siku ya nne tangu mje. Homa ilimpanda usiku, ikashuka, ikapanda. Watu wakanambia nimlete mjini. Mimi nikasema, damu yake wanayo, ingekuwa mbaya wangekuja kutwambia. Nikakaa barazani nikakungojeni."

Alisema bila ya ukali wowote, na Kidawa angependa kutukanwa kuliko hivyo. Utaratibu wa mradi aliujua kuliko mtu yeyote. Vioo vyote vilitiwa sandukuni kwa namba, na havikusomwa mpaka duru nzima ya vijiji kumi iishe, ili msomaji asijue anasoma damu ya nani wala ya wapi, asije akavutwa na huruma akakosea hesabu. Damu ya Chwaka, kama namba zilivyokuja kuonyesha, yeye aliisoma siku ya ishirini na tatu tangu itolewe.

"Hata kucha zetu tunazifukia," Mwanaasha aliendelea. "Hata kitovu cha mtoto. Mimi mwanangu nimemzika pungufu. Na yeye anajua. Kila siku anarudi kuulizia."

"Anarudi vipi?" aliuliza Bi Mwanapili, akajuta kuuliza.

"Anarudi kula."

*

Mgeni akaenda kupanda gari la shamba. Juu ya meza palikuwa na fomu mbili ambazo kwa wiki nzima ndizo zilizokuwa mazungumzo ya nyumba ile. Zote zilitoka ofisi ya masomo ya juu, zote za kwenda Ulaya ya Mashariki, na Kidawa alitakiwa arudishe moja tu Jumatatu asubuhi. Fomu nyeupe ilikuwa ya shahada ya juu ya utafiti: miaka minne ya vijidudu, mbu na hesabu. Fomu ya kijani ilikuwa ya kusomea udaktari wa hospitali pamoja na utafiti huo huo: miaka minane, bila ya kurudi nyumbani katikati, maana nauli hutolewa ya kwenda na ya kurudi tu.

Nyeupe alikuwa ameshaijaza, imebaki saini. Kidawa alipenda hesabu. Alipenda utulivu wa hadubini, jicho moja kwenye kioo, dunia yote imenyamaza. Wagonjwa walimtisha, harufu yao na macho yao.

"Hii ya miaka minane," alisema mama yake, "si ndo ya kutibu watu? Ungekuwa nayo, yule mtoto angekuwepo."

"Mwanapili!" Mzee Mkadam aliweka sindano yake chini. "Usimtie mtoto kitanzi shingoni."

"Nasema kweli."

"Na mimi nasema kweli. Miaka minne ntajikaza. Miaka minane sina, wallahi sina. Macho ndo haya, kifua ndo hiki unachokisikia usiku." Akamgeukia binti yake, akimtafuta kwa kuupindisha uso kidogo pembeni, kama alivyozoea siku hizi. "Kidawa, nani atanishusha kaburini?"

"Baba, watu wapo mtaani. Na mwanamke hashushi maiti."

"Watu wapo. Wa kusimama nyumbani akalia ni mmoja tu."

Zile nyayo juu yao zikaanza kutembea. Dirisha Bi Mwanapili alikuwa ameshalifunga.

*

Jumamosi Kidawa alikwenda maabara. Lilikuwa jumba la zamani karibu na bandari, lililokuwa la mfanyabiashara mmoja aliyeondoka, na mradi ukapewa. Mkuu wake, Bwana Kificho, alikuwa peke yake akinywa chai kavu. Ni mtu mwema, hilo lisemwe, na aliyefanya kazi kubwa kuliko mshahara wake. Kidawa akamweleza habari ya Mwanaasha anayekidai kioo cha mwanawe, na shida yake mwenyewe ya fomu mbili.

"Kidawa, mimi nimesoma vioo elfu arubaini," alijibu Kificho. "Ningeanza kuutazama uso wa kila kioo, ningekuwa mwendawazimu. Daktari wa hospitali anatibu mtu mmoja, anafurahi, kesho analetewa mwengine. Sisi tukizipata hesabu hizi sawasawa, tunakitibu kisiwa kizima. Jaza nyeupe. Una mkono wa utafiti wewe."

"Na yule mtoto?"

"Yule mtoto kesho atawaokoa wenzake mia."

"Yeye hakuulizwa."

Kificho alikitazama kikombe chake. Halafu akasema kioo ni mali ya mradi na hakitoki, akachukua kofia yake na kusema anakwenda kusali adhuhuri, na kwamba akirudi hatakuwa na haja ya kuhesabu sanduku la Chwaka. Kidawa alielewa, na moyoni alimshukuru.

Akabaki peke yake. Masanduku yalipangwa ukuta mzima, na ndani yake watu elfu tatu walisimama wima, mmoja mmoja katika mwanya wake, wamekaushwa na kutiwa rangi. Alikuwa ameingia chumba kile kila siku kwa miaka miwili na hakuwahi kufikiri hivyo. Sasa aliona haya, kama mtu aliyeingia majilisi ya watu bila ya kupiga hodi.

Akafungua daftari. 212, tarehe ya kutolewa, tarehe ya kusomwa, na mbele yake, penye hesabu ya vijidudu, kwa mwandiko wake safi: "Wengi mno, hawahesabiki." Alikumbuka siku ile. Alikuwa amefurahi. Alimwita hata Kificho aje atazame, maana ni nadra kukipata kioo kizuri namna ile.

Alikivuta kioo kwa ncha za vidole. Kilikuwa cha moto. Si moto wa jua, dirisha la upande ule lilikuwa limefungwa. Kilikuwa na joto la kiganja cha mtoto anayeumwa, na Kidawa alikishika muda mrefu, akilia, kabla ya kukifunga ndani ya leso.

*

Jumapili Mzee Mkadam alisema atakwenda naye Chwaka. "Kuzika si kazi ya kumtuma mtoto," alisema, akavaa kanzu nyeupe na kofia.

Mwanaasha hakushangaa kuwaona. Mumewe alikuwa Pemba kwenye karafuu, na nyumba ilikuwa na yeye na binti yake Wanu, wa miaka sita. Pembeni mwa chumba mkeka mdogo ulikuwa umetandikwa, na kando yake sahani imefunikwa kawa. Jirani aliyeingia kuwasalimu alizunguka mkeka ule kwa uangalifu, bila ya kuukanyaga, kama unavyompita mtu aliyelala.

"Chakula cha Mcha," alisema Mwanaasha, akaifunua sahani.

Palikuwa na ugali wa muhogo, na ubavuni mwa ugali alama za vidole vinne vidogo, na tonge limekwishatoka. Utasema kuku. Kuku wa nyumba ile walikuwa wamefungiwa tenga. Utasema yule dada yake. Wanu alikuwa kitandani, na mkono wake ulikuwa mkubwa kuliko alama zile. Mimi sisemi kitu. Kidawa, mtu wa sayansi, aliuangalia ugali ule, akayaondoa macho.

Wakaenda makaburini nyuma ya nyumba. Mzee Mkadam alipiga magoti kwenye kichwa cha kaburi dogo, akachimba kwa mkono wake mwenyewe, Kidawa akimwongoza kiganja maana haoni vizuri. Mwanaasha alikizungushia kioo ile sanda ya jani la mpera, akafunga fundo juu na fundo chini, kama ipasavyo. Mzee akasoma. Mchanga ukarudishwa.

"Damu yake ilisema nini?" Mwanaasha aliuliza baada ya dua.

Kidawa angeweza kusema ni kazi ya Mungu, na kila mtu angeridhika. "Ilisema ana malaria kali," alisema. "Malaria inayotibika."

"Uliisoma lini?"

"Siku ya ishirini na tatu."

Mwanaasha alitikisa kichwa taratibu. "Basi ulimsoma maiti."

"Naam," alisema Kidawa.

Waliporudi ndani, walimkuta Wanu ameshuka kitandani, amekaa pembeni ya ule mkeka akizungumza. Alisema neno, akanyamaza, akasikiliza, akacheka. Nje jua la mchana lilikuwa linachoma na meno ya mtoto yalikuwa yanagongana.

"Tangu juzi," alisema Mwanaasha kwa sauti ndogo. "Mcha anamwita wakacheze. Hata akila, anambakizia mwenzake."

Kidawa aliinama, akaweka mkono kwenye paji la uso la mtoto. Lilikuwa na joto lile lile alilolishika jana maabara. Mwanaasha akauchukua mkono wa binti yake, akakikunjua kidole, akamnyooshea Kidawa.

"Msome na huyu. Sasa hivi, hapa hapa."

"Siwezi kusoma hapa, mama. Hadubini iko mjini."

"Basi mpe dawa."

"Dawa siruhusiwi kutoa. Mimi si wa kutibu, mimi—"

Alijisikia mwenyewe akisema. Hakuimaliza ile sentensi, na nadhani hakuwahi kuimaliza tena maisha yake yote. Alimbeba Wanu mgongoni, akamfunga kwa kanga ya mama yake, akatoka naye mbio njia ya gari, na Mzee Mkadam nyuma yake akikokota miguu, ameshikwa mkono na Mwanaasha. Njia nzima ya kwenda mjini mtoto aliegemea shingo ya Kidawa akinong'ona, na hakuwa akimnong'oneza yeye.

*

Hospitali walimpokea, wakamchoma sindano, wakampa klorokwini. Kidawa alisimama ukutani. Daktari wa zamu alimuuliza, "Wewe ni nani wake?" Muuguzi akamwambia basi akangoje nje na wenzake. Akangoja nje, barazani, pamoja na Mwanaasha, na hapo ndipo alipojua urefu wa kungoja.

Jumatatu alfajiri waliruhusiwa kuingia. Wanu alikuwa ameketi akidai uji, na mama yake akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Kidawa aliuliza, nusu akiogopa: "Wanu, na Mcha?"

"Kaenda," alisema mtoto. "Kasema ameshatimia."

Nyumbani Kidawa aliikuta meza kama alivyoiacha. Hakukaa. Aliivuta fomu ya kijani, akaijaza amesimama, kutoka juu mpaka chini, akatia saini. Ile nyeupe aliikunja akaiweka chini ya mtungi. Bi Mwanapili alimtazama kutoka jikoni, na ushindi ulioonekana usoni mwake ulidumu kitambo kidogo tu. Miaka minane. Hapo ndipo alipoihesabu kwa ajili yake mwenyewe, na mwiko ukamponyoka mkononi.

Mzee Mkadam alikuwa mahali pake chini ya kamba. "Umejaza ipi?"

"Ya kijani, Baba. Nisamehe."

Mzee alichukua kubadhi, akalipapasa, akaliweka. Uso wake ulikuwa na huzuni na hakuuficha.

"Una vioo vyako hapo?" aliuliza hatimaye.

"Mkobani."

"Na sindano?"

"Ipo. Baba, kwani unaumwa?"

"Siumwi. Njoo." Akanyoosha mkono wa kushoto, akakitenga kidole cha kati, kigumu kwa miaka ya sindano na ngozi. "Toboa."

"Mkadam, umeingia wazimu?" Bi Mwanapili alitoka jikoni.

"Sina wazimu. Jana nimemwona mwanangu akizika tone. Likazikika, na mwenyewe akapumzika. Basi na mimi nichukuliwe tone langu. Aende nalo huko kwenye baridi, alitunze. Akirudi akanikuta, tutalitupa tucheke. Akirudi akakuta nishalala, atakuwa na changu cha kuzika, asiwe amerudi bure."

"Na hiyo miaka yote ulale pungufu?" Bi Mwanapili alisema, sauti ikimkatika. "Ukirudi kuulizia, nani atakujibu humu ndani? Si mimi?"

"Nikirudi, nipe kahawa," alisema mzee. "Mimi ntakunywa."

Kidawa ametoboa vidole elfu tatu. Hiki kilimshinda mara mbili. Mara ya tatu damu ikatoka, tone moja zito, na akalipokea kwenye kioo. Mama yake alikuwa ameshika mlango na kulia waziwazi. Juu yao nyayo zote za karatasi zilikuwa zimetulia, hata moja haikutikisika, ingawa dirisha lilikuwa wazi na upepo wa asubuhi ulikuwa unapita.

Kioo kilipokauka, Kidawa alichukua kalamu akaandika pembeni. Mzee Mkadam alisikia mkwaruzo, akageuza uso kumtafuta.

"Umenipa namba ngapi?"

"Sikukupa namba, Baba," alisema Kidawa. "Nimeandika jina lako."